Dishi la kubeba la sentimita 60 kwa kempingi: stendi ndo kila kitu

Nianze na jibu ili mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini. Hii seti ya dishi la kubeba, yani dishi la sentimita 60, stendi ya miguu mitatu, LNB moja (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), kebo ya mita 10, dira ndogo na ile mita ya sindano inayolia ikishika mawimbi, vyote kwenye begi moja la kuvaa begani, mi naipa nyota nne kati ya tano na ningeinunua tena. Ila nyota karibu zote ni za stendi. Dishi lenyewe ni zuri tu kama madishi mengine, LNB ya kawaida, mita haina msaada mkubwa, lakini stendi imetengenezwa na mtu anayejua kabisa kinachowatesa watu wanaofunga dishi porini, na hilo ndo nataka nilieleze kwa kirefu maana maoni mengi ninayosoma kuhusu hizi seti ni ubishi wa ukubwa wa dishi na aina ya LNB wakati shida ya watu haipo huko kabisa.

Shida ipo kwenye mlingoti. Ule mlingoti mfupi wa katikati ya stendi ambao dishi linakaa juu yake, ukisimama wima kazi yote inakuwa nyepesi, ukiinama hata kidogo basi kila namba utakayoseti itakuwa inakudanganya na utazungusha dishi mpaka giza liingie.

Ngoja nieleze kwa nini. Satelaiti za televisheni zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kwenda juu, na zinazunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha ndo maana kwetu huku chini zinaonekana kama zimesimama palepale usiku na mchana. Uzuri wake ni kwamba ukishalielekeza dishi hulihangaikii tena, halihitaji mota wala nini. Ubaya wake ni umbali. Ukikosea digrii moja tu hapa chini, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600, na kwenye sehemu nyingi za huo mstari satelaiti zimepangana kwa kuachana digrii mbili au tatu tu, kwa hiyo ukikosea kidogo haushiki kitu, ukikosea zaidi kidogo unashika ya jirani.

Dishi la sentimita 60 kwa masafa ya Ku, yani yale ya televisheni za dishi dogo, lina mwonekano wa kama digrii tatu hivi, ukitoka nje ya hapo mawimbi yameshapungua nusu na kuendelea. La sentimita 80 linaona digrii mbili na kidogo, la 45 linakaribia nne. Maana yake dishi dogo ni rahisi kulielekeza lakini linakusanya kidogo na linachanganya satelaiti za jirani, kubwa linakusanya vizuri na kuvumilia mvua lakini linataka mkono mtulivu zaidi na upepo unalipenda. 60 ni katikati na mi naona kwa kubeba ndo saizi yenyewe, isipokuwa kama unaenda pembezoni mwa eneo linalohudumiwa na satelaiti yako, huko chukua 80 na ukubali uzito.

Sasa rudi kwenye mlingoti. Namba ya mwinuko, yani dishi liangalie juu digrii ngapi, unayopewa na programu ya simu ya kutafutia satelaiti inahesabiwa kutoka kwenye ardhi iliyolala sawa kabisa, lakini mabano ya nyuma ya dishi hayajui ardhi imelalaje, yenyewe yanaujua mlingoti tu. Mlingoti ukilala digrii nne kuelekea mashariki, dishi likiangalia mashariki litakuwa chini kwa digrii nne kuliko ulivyoseti, likiangalia magharibi litakuwa juu kwa digrii nne, na kila unavyolizungusha mwinuko unabadilika bila wewe kugusa kitu. Na dishi linaona digrii tatu tu. Yani unaweza kupita chini ya satelaiti ukarudi ukapita tena chini yake, mita kimya, ukaanza kulaumu LNB, ukabadilisha kebo, kumbe vyote vizima.

Hii stendi wameliwaza hilo. Kila mguu unarefushwa peke yake, una kufuli ya kubana kwa kidole, kwa hiyo kwenye mteremko unafupisha mguu wa juu na kurefusha wa chini mpaka mlingoti usimame. Pimamaji ya kile kibofu cha duara wameiweka juu ya kichwa cha mlingoti wenyewe, sio kwenye mguu kama seti nyingine ambazo pimamaji inakwambia mguu uko sawa halafu mlingoti umelegea kwenye tundu lake. Na mlingoti wa hii haulegei, umebanwa na skrubu mbili zenye mkono. Kama unataka uhakika zaidi beba pimamaji ndogo ya fundi ile ya kujishikiza na sumaku, ibandike kwenye mlingoti upande mmoja, afu ihamishe robo mzunguko uangalie tena, zikikubali pande zote mbili basi umemaliza nusu ya kazi kabla hata ya kutoa dishi kwenye begi.

Miguu chini ina vikanyagio bapa vyenye tundu la kigingi cha hema. Kwenye ardhi ngumu vinatosha. Kwenye mchanga au tope weka jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya kila mguu, maana stendi inazama polepole na utaona usiku picha inaanza kugandaganda wakati jioni ilikuwa safi. Katikati ya miguu kuna ndoano ya kuning'iniza uzito, dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na linatosha kwa upepo wa kawaida, ila ning'iniza uzito KABLA ya kuelekeza dishi, sio baada, kwa sababu uzito ukishashuka miguu inajipanga upya na pimamaji inahama. Hapo nimeona watu wengi sana wanapoteza kile walichokipata.

Kuhusu pa kuweka. Faida kubwa ya dishi la stendi kuliko lililofungwa juu ya gari ni kwamba wewe na hema mnakaa kivulini na dishi linaenda lenyewe juani. Majani ya miti hayapitishi haya mawimbi, usijidanganye kwamba ni matawi machache tu, yakilowa ndo kabisa. Cha kuangalia ni urefu wa mti na mwinuko wa satelaiti: mwinuko ukiwa digrii 30, mti wa mita 10 unatakiwa uwe mbali na dishi kama mita 17, mwinuko wa 45 ni mita 10 kwa 10, mwinuko wa 60 ni kama mita 6. Mwinuko wenyewe unategemea umekaa wapi duniani, ukiwa latitudo 10 na satelaiti iko longitudo moja na wewe mwinuko ni digrii 78 hivi, karibu utosini, ukiwa latitudo 30 ni 55, latitudo 50 ni 33, latitudo 60 ni 22 tu na hapo kila kichaka ni adui. Na kadri satelaiti inavyokuwa mbali zaidi mashariki au magharibi yako mwinuko unazidi kushuka.

Ndo maana nalalamikia kebo. Mita 10 haitoshi. Nashangaa mtu aliyefikiria vizuri hivyo kuhusu stendi kaweka kebo ambayo inakulazimisha kuweka dishi pembeni ya hema kwenye kivuli kilekile ulichokifuata. Nunua mita 20 ya RG6, ile kebo nene ya dishi, iwe nzuri yenye waya wa katikati wa shaba, kwa urefu huo mawimbi yanapungua lakini LNB inakuza zaidi ya kutosha kufidia, haitakusumbua. Nyembamba zile za bei poa epuka. Konekta za mwisho ziwe za kubana kwa koleo, sio za kusokota kwa mkono, na hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa ule wavu wa nje unaogusa waya wa katikati kwa sababu king'amuzi kinapeleka umeme kwenye LNB kupitia kebo hiyohiyo. Na zima king'amuzi kabla ya kufunga au kufungua konekta yoyote, kila mara, hata kama unaona ni sekunde moja tu.

Haya, namba. Unahitaji tatu: upande wa kuelekea kwa dira, mwinuko, na mzunguko wa LNB kwenye kishikio chake, ambao mafundi wengi wanaita skyu. Zote tatu programu ya simu inakupa ukiiambia satelaiti yako na ikishajua ulipo, na nyingine zinakuonyesha mpaka mstari wa satelaiti juu ya picha ya kamera ukainua simu ukaona kama kuna mti njiani. Fanya hivyo kabla ya kuchimba kigingi chochote. Kama unaenda sehemu isiyo na mtandao, chukua namba kabla hujaondoka na uziandike kwenye karatasi. Usitumie za safari iliyopita kama umehama mbali, kilomita 100 kwenda kaskazini au kusini inabadilisha mwinuko kama digrii moja, na kwa dishi linaloona tatu hiyo ni sehemu kubwa.

Jambo linalowachanganya karibu wote wanaoanza ni macho. Haya madishi ni ya ofseti, LNB yake haijakaa katikati mbele ya dishi, imekaa chini kwenye mkono, na mawimbi yanaingia kutoka juu zaidi kuliko uso wa dishi unavyoonekana kuangalia, tofauti ni digrii 20 na kitu kwa madishi mengi. Kwa hiyo dishi linaloonekana limesimama wima kabisa kama linaangalia mlima wa mbele, kiukweli linaangalia angani digrii 20 na zaidi juu. Mtu anaona dishi "limeinama" analiinua kwa kukadiria, anaenda mbinguni kabisa. Usikadirie kwa macho, fuata skeli, yani zile namba za digrii kwenye mabano, ile imeshahesabu ofseti, na inasema kweli mradi mlingoti uko wima. Skeli ya seti hii imegongwa kwenye chuma chenyewe, sio stika, na inasomeka vizuri, kwangu inatofautiana na namba halisi kwa kama digrii moja na inatofautiana hivyohivyo kila mara, ambalo ni jambo jema kwa sababu ukishajua tofauti ya kwako unaijumlisha tu basi. Njia ya kuijua ni siku ukishika vizuri kabisa, soma skeli, linganisha na programu, andika tofauti kwa kalamu ya wino nzito nyuma ya dishi.

Dira iliyokuja nayo inafanya kazi lakini ina mambo mawili. La kwanza inaangalia kaskazini ya sumaku, na kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli hazilingani, sehemu nyingine tofauti ni digrii moja ambayo haikuumizi, sehemu nyingine inazidi 15 na hapo unakuwa unatafuta satelaiti nyingine kabisa. Angalia kama namba uliyopewa ni ya kaskazini ipi, programu nyingi zinakupa zote mbili. La pili ni chuma. Usisome dira ukiwa umeegemea gari wala juu ya stendi. Simama nyuma ya stendi hatua kadhaa, lenga kupitia mlingotini, chagua alama mbele kule mbali, jiwe au ncha ya mti, halafu hiyo alama ndo unaielekezea dishi na dira irudi mfukoni. Dira ya simu nayo ni hivyohivyo, izungushe kwanza hewani kwa umbo la nane ijirekebishe.

Kama kuna jua kuna njia nzuri zaidi ya dira na hailalamikiwi na chuma. Programu nyingi zinaweza kukwambia ni saa ngapi leo jua litakuwa upande uleule wa satelaiti yako, dakika hiyo kivuli cha mlingoti kinalala kinyume kabisa na upande unaoutaka. Chora mstari kwenye udongo kufuata kivuli, umeshapata upande wako bila kuuliza kaskazini iko wapi. Mi naipenda hii kuliko zote, inataka tu uwe umefika kambini mapema.

Sasa mpangilio wa kazi, na hapa nasisitiza kwa sababu karatasi ya maelekezo ya seti hii imeandika kinyume, inaanza na kuzungusha dishi afu ndo mwinuko. Hapana. Anza na mlingoti wima, kisha skyu ya LNB kwa namba uliyopewa (angalia kama hiyo namba inahesabiwa ukiwa umesimama mbele ya dishi au nyuma yake, ni vitu viwili tofauti), kisha seti mwinuko kwa skeli ukaze nusu, na baada ya hapo usiuguse wakati unazungusha. Kinachobaki ni kuzungusha kulia na kushoto tu. Ukiacha vitu viwili vinacheza kwa pamoja unatafuta anga nzima, ukifunga mwinuko unatafuta mstari mmoja, na mstari mmoja unaisha haraka.

Zungusha taratibu sana. Anza digrii 20 hivi pembeni ya alama yako upite mpaka digrii 20 upande wa pili, kwa vihatua vidogo vya digrii moja, na kila kihatua usubiri sekunde mbili tatu. Hapo kusubiri ndo siri, king'amuzi hakikuonyeshi mawimbi papo hapo, mstari wa kwenye skrini unachelewa, ukizungusha kwa mwendo wa kawaida wa mkono unakuwa umeshaipita satelaiti kabla mstari haujapanda. Ukimaliza bila kitu pandisha mwinuko digrii moja upite tena, kisha shusha digrii moja chini ya ulipoanzia. Kama mlingoti uko wima na kebo ni nzima haitakuchukua raundi nyingi.

Mita ya sindano. Inaunganishwa katikati ya LNB na king'amuzi, ina kitufe cha kuzungusha cha kupunguza makali, na inalia zaidi kadri mawimbi yanavyoongezeka. Tatizo lake haijui mawimbi ya nani. Italia kwa satelaiti yoyote, na itapanda hata ukilielekeza dishi kwenye miti, ukuta au ardhi, kwa sababu vitu vyenye joto navyo vinatoa kelele za mawimbi na LNB inazisikia, hata ukisimama mbele ya dishi inakuona wewe. Watu wanafurahi sindano imepiga ukutani, wanakaza nati, wanawasha, hakuna chaneli hata moja. Kuitumia ni hivi: ikianza kulia punguza makali mpaka sindano irudi katikati, sogeza kidogo, ikipanda punguza tena, namna hiyo itakusaidia kupata kilele, lakini kujua kama ni satelaiti yenyewe lazima king'amuzi kikuambie.

Kwenye king'amuzi fungua ile sehemu ya kuangalia mawimbi, chagua masafa ya chaneli moja yenye nguvu ambayo una uhakika ipo kwenye satelaiti yako. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu isikuhangaishe, inapanda hata dishi likiangalia mawingu, yenyewe inakuthibitishia tu kwamba LNB na kebo vinafanya kazi. Unaoutafuta ni UBORA. Ubora ukiruka kutoka sifuri umeshika kitu, na kama king'amuzi kinaonyesha jina la satelaiti au chaneli zinafunguka basi ndo yenyewe. Ikiwa unasafiri sana na pesa inaruhusu, nunua mita ya dijitali inayosoma DVB-S2 (mfumo wa matangazo ya satelaiti) na kukutajia jina la satelaiti, ile inafanya kazi ya watu wawili, huhitaji mtu ndani ya hema anakupigia kelele imepanda imeshuka. Kwa mimi hiyo ndo nyongeza ya kwanza ya kununua, kabla ya dishi kubwa na kabla ya LNB ya gharama.

Ukishashika usikaze hapohapo. Sogeza dishi kulia polepole mpaka ubora uanze kuanguka, weka alama, rudi kushoto mpaka uanguke, weka alama, afu liweke katikati ya alama mbili. Fanya hivyohivyo juu na chini. Halafu malizia na skyu, izungushe LNB kidogo huku na huku uone ubora unapanda zaidi wapi. Kuna huduma zinazotumia mawimbi ya kuzunguka, zile za Marekani nyingi ziko hivyo, hizo hazina habari ya skyu kabisa, ruka hiyo hatua. Asilimia chache za ubora unazoongeza hapa jioni kukiwa kweupe huoni faida yake, faida yake ni mvua ikianza. Picha ya dijitali haififii polepole, inakaa safi kabisa mpaka inafika ukingo afu inaganda ghafla, kwa hiyo hizo asilimia ni akiba.

Kukaza nako kuna adabu. Kaza nati kidogokidogo kwa kupokezana, ukikaza moja mpaka mwisho dishi linajipinda na ubora unashuka mbele ya macho yako. Na hapa seti hii inanikwaza: nati za mwinuko ni zile za mabawa, za kukaza kwa vidole, ni rahisi kweli lakini upepo mzuri ukivuma usiku dishi linashuka taratibu. Nimebadilisha na nati za kawaida zenye wosha ya meno, spana ndogo namba 10 inakaa kwenye mfuko wa begi, tatizo limekwisha. Kishikio cha LNB nacho ni plastiki, kinabana vizuri kikiwa kipya lakini plastiki na jua kali sio marafiki, nakikagua kila nikifunga na ningependa watengenezaji wakiweke cha chuma hata uzito ukiongezeka kidogo. Hizo mbili pamoja na kebo fupi ndo nyota niliyoikata.

Umeme kambini. Tafuta king'amuzi kinachokula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri, ukitumia inveta kupandisha umeme afu adapta inaushusha tena unapoteza njiani bure. LNB yenyewe inakula kidogo sana. Ila kitu kimoja: king'amuzi kinachagua aina ya mawimbi kwa kupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, 13 kwa ya wima na 18 kwa ya mlalo, kwa hiyo ukikuta nusu ya chaneli zipo na nusu zimepotea usikimbilie kusogeza dishi, kagua betri, konekta na kebo kwanza, inawezekana ile 18 haifiki juu.

Mvua kubwa itakata, kwa dishi lolote la ukubwa huu, subiri ipite na usiguse nati yoyote wakati inanyesha. Kuna pia zile siku chache karibu na Machi na tena Septemba mpaka Oktoba ambapo jua linapita nyuma ya satelaiti yako na mawimbi yanapotea dakika kadhaa mchana, yanarudi yenyewe. Nalitaja kwa sababu nimeona mtu anafungua dishi lililokuwa limekaa sawa kabisa kisa hizo dakika.

Wanaouliza kama sio bora kununua yale madishi yanayojitafutia yenyewe kwa mota: ni mazuri, unabonyeza unakaa, na kama unahama kila siku au mgongo haukuruhusu kuinama chukua hayo. Lakini yale ya kufungwa juu ya gari, gari likiwa chini ya mti na dishi liko chini ya mti, mota haina la kufanya. Na Starlink ni kitu kingine, satelaiti zake ziko chini sana, kilomita 550 hivi, zinapita angani na antena inazifuata yenyewe kwa umeme, inataka anga pana wazi kuliko dishi hili linalotaka tundu moja tu kati ya miti, na inakupa intaneti, sio chaneli za king'amuzi chako. Kama kambini unachotaka ni intaneti usinunue seti hii.

Kwa anayetaka televisheni na yuko tayari kujifunza, chukua hii, ongeza kebo ya mita 20, nati za kawaida na pimamaji ya sumaku, afu kabla ya safari ifunge nyumbani mchana kweupe, uishike, uifungue yote, uishike tena. Unapoikunja usifungue nati ya mwinuko, mabano yanaingia kwenye begi hivyohivyo, na ukifika kambi isiyo mbali na ya mwanzo mwinuko wako utakuwa tayari upo, kilichobaki ni kusimamisha mlingoti na kuzungusha.